Waridi la Jangwani Halitaki Ukarimu

Kabla ya mvua za vuli, nyika iliyo kati ya Mtito Andei na Voi huwa imekauka kweli kweli. Nyasi zimekwisha, miti imepukutisha majani, vumbi jekundu limetanda juu ya kila kitu. Huo ndio msimu ambao kichaka kimoja kifupi, kinachoota juu ya miamba, huchagua kuchanua. Hakina jani hata moja, lakini kila ncha ya tawi imebeba maua ya pinki iliyokolea pembeni na kufifia kuelekea katikati hadi kuwa meupe. Shina lake ni nene chini na jembamba juu, na gome lake ni la kijivu, laini. Ukivuka mpaka utakikuta tena kwenye vilima vikavu vya Same na Mkomazi; ukielekea kaskazini utakikuta Baringo na Samburu.

Hilo ndilo waridi la jangwani, kwa jina la kitaalamu Adenium obesum. Ni mmea wa kwetu, ingawa mjini wengi huununua wakidhani umetoka ng'ambo. Wana sehemu ya ukweli: wakulima wa maua wa Thailand na Taiwan wameuzalisha kwa miaka mingi na kupata aina zenye petali za tabaka mbili au tatu, nyekundu iliyoiva, nyeupe, njano, na zenye mistari. Lakini chini ya urembo huo wote mmea ni uleule wa miambani, na mahitaji yake ni yaleyale.

Ukikumbuka jambo moja tu katika mwongozo huu, kumbuka hili: waridi la jangwani linalokufa nyumbani, mara nyingi limeuawa na matunzo. Limemwagiliwa kila jioni, limewekwa kwenye udongo mweusi uliojaa samadi, limehifadhiwa kivulini lisiungue. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waridi hili lipe jembe siku ileile unapolifikisha nyumbani.

Lijue kwao kwanza

Voi na Same hupata mvua ambayo kwa mwaka ni takriban nusu ya ile ya Dar es Salaam, na mvua hiyo huja kwa vipindi viwili vifupi. Katikati ni miezi ya jua. Mmea umejipanga kwa maisha hayo. Ukipata maji huyaweka akiba kwenye shina na mizizi iliyovimba. Ukiyakosa huangusha majani ili usipoteze unyevu, kisha hutulia. Kule miambani maji ya mvua hayatuami: hupita kwenye nyufa na kokoto, na baada ya siku moja au mbili mizizi iko kwenye ukavu tena.

Hapo ndipo penye kanuni zote za kulitunza. Lipe jua la kutwa, udongo unaokauka upesi, na maji wakati linapokua tu. Ongeza la nne, joto. Kwa kawaida halistawi pale ambapo usiku hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na baridi ikiungana na udongo uliolowa, kuoza kwa mizizi ni suala la muda tu.

Eneo lake la asili ni pana. Linaanzia Senegal upande wa magharibi, linapita ukanda mkavu ulio chini ya Sahara hadi Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, kisha linavuka bahari kuingia Yemen, Saudi Arabia na Oman. Waswahili walioko Oman wanaweza kuliona kwenye milima ya Dhofar. Mtaalamu aliyeliandika kwa mara ya kwanza kisayansi, Peter Forsskål, mwanafunzi wa Carl Linnaeus, alilikuta Yemen alikokuwa na msafara wa kifalme wa Denmark. Alifia hukohuko mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Yeye aliliweka kundi moja na kichaka cha mapambo kiitwacho oleanda. Baadaye lilitengewa jenasi yake, lakini oleanda ni jamaa yake kweli, na undugu huo tutaukuta tena kwenye wadudu na kwenye sumu.

Pa kulipata

Usilichimbe porini. Kichaka cha miambani chenye shina nene kimetumia miaka mingi kufikia umbo hilo, na mizizi yake imejipenyeza kwenye nyufa ambazo jembe haliwezi kuzifuata. Ukikivuta utakata mizizi, kidonda kitaoza, na mara nyingi utapoteza mmea pamoja na maua ambayo kilima kizima kilikuwa nayo. Ndani ya hifadhi kama Tsavo na Mkomazi, kuchukua mmea ni kosa kisheria. Na ukimwona mtu barabarani anauza mashina makubwa yenye mizizi iliyokatwakatwa, usimpe biashara.

Nunua kitaluni. Hapo utakutana na aina mbili za miche. Ya kwanza ni iliyooteshwa kwa mbegu: ina shina lililovimba chini, bei yake ni nafuu, na maua yake mara nyingi ni ya pinki. Ya pili ni iliyobebeshwa: juu ya shina utaona kovu pale ambapo kikonyo cha aina nyingine kiliunganishwa, na maua yake yanaweza kuwa ya tabaka na rangi za ajabu. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na mche wa mbegu. Unavumilia zaidi, na hata ukiuharibu hasara ni ndogo.

Kabla ya kulipa, bonyeza shina kwa kidole gumba kuanzia chini hadi juu. Linapaswa kuwa gumu kote. Sehemu yoyote laini, yenye weusi au harufu, ni dalili ya kuoza. Pindua majani uangalie upande wa chini kama kuna utando au vidoa vyeupe vya pamba. Mche usio na majani usiukatae kwa sababu hiyo tu: shina likiwa gumu, umepumzika tu.

Mahali pa kuliweka

Waridi hili linataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Kibarazani, chini ya mwembe au nyuma ya ukuta litaishi, lakini matawi yatarefuka yakitafuta mwanga na maua yatakuwa haba. Kwa bustani za kusini mwa ikweta, upande wa kaskazini wa nyumba ndio bora, kwa sababu mwezi wa Juni na Julai, wakati wa baridi, jua huinamia kaskazini. Ukilipanda upande wa kusini karibu na ukuta, miezi hiyo litakaa kivulini na kwenye ubaridi, na hiyo ndiyo miezi linapohitaji jua zaidi.

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unaweza kulipanda ardhini moja kwa moja. Linavumilia kiasi upepo wenye chumvi, na udongo wa mchanga au wa mawe ya matumbawe haulisumbui. Moshi mjini, Dodoma, Morogoro na Machakos pia hakuna tabu, mradi maji hayatuami. Nairobi na Arusha lipande kwenye chungu, uliweke mahali pa jua karibu na ukuta unaohifadhi joto, na miezi ya Juni hadi Agosti uliondoe kwenye mvua na umande. Limuru, Njombe na kwingineko kwenye baridi kali, usihangaike nalo nje. Kama unalitaka, liweke ndani kwenye dirisha la jua.

Mche uliokuwa chini ya chandarua kitaluni usiuanike juani siku ya kwanza. Anza na jua la asubuhi kwa wiki moja au mbili, kisha uongeze. Gome lisilozoea linaweza kuungua, na kovu lake halifutiki.

Udongo na chungu

Sahau udongo mweusi wa bustanini. Kwa waridi hili changanya sehemu mbili za vitu vikavu vya kupitisha maji na sehemu moja ya kitu chenye rutuba. Vikavu ni mchanga wa mtoni ulio mkubwa, kokoto ndogo, vipande vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa, au yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini ukiyapata. Chenye rutuba ni mboji iliyoiva vizuri au samadi ya zamani iliyogeuka udongo. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi hulainisha mchanganyiko bila kuufanya uwe tope. Mchanga wa baharini uoshe kwa maji mengi kabla ya kuutumia, na ule mlaini kama unga uuache: hushikamana ukazuia hewa.

Upime hivi. Jaza kopo lililotobolewa chini, mwaga maji. Yakipita mara moja, udongo unafaa. Yakikaa juu yakizunguka, ongeza kokoto.

Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu hupumua na kukauka upesi. Kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, maana mizizi ya mmea huu hupenda kutanuka pembeni. Kisiwe kikubwa mno: mmea mdogo ndani ya chungu kikubwa hukaa na unyevu ambao mizizi haiwezi kuumaliza. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya shina na ukingo, basi. Ndoo na madumu yaliyokatwa yanafaa pia, ila matundu yawe mengi na makubwa. Usiweke sahani ya kukinga maji chini ya chungu, au ukiiweka, imwage kila baada ya kumwagilia.

Ukipanda ardhini, usichimbe shimo. Tengeneza tuta la mawe, mchanga na mboji lenye kimo cha sentimita 30 au zaidi, upande juu yake. Shimo kwenye udongo wa mfinyanzi ni kisima, na wakati wa masika litageuka kisima kweli.

Kupanda

Toa mche kwenye kifuko, kung'uta udongo wa zamani, uangalie mizizi. Iliyooza au kuvunjika ikate kwa kisu safi. Ukikata mzizi mnene, acha mmea mahali penye kivuli na hewa kwa siku tatu hadi saba mpaka kidonda kikauke. Hautakufa, maji yako ndani ya shina. Kisha uupande kwenye udongo mkavu, shina likae juu ya usawa wa udongo, na usimwagilie kwa siku nyingine nne au tano. Wakulima wengi hushindwa hapa kwa sababu mkono umezoea kumwagilia kila kinachopandwa.

Maji

Hakuna ratiba moja inayofaa kila mji. Tumia kidole au kijiti: kichomeke kwenye udongo kiasi cha sentimita tano. Kikitoka kikavu na mmea una majani mabichi, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu. Kikitoka na unyevu, ondoka.

Mmea wenye majani, juani, wakati wa joto la kaskazi, unaweza kutaka maji kila baada ya siku tatu hadi tano ukiwa kwenye chungu. Wakati wa ubaridi wa Juni na Julai mara moja kwa wiki mbili hutosha, na ukiangusha majani yote acha kabisa hadi machipukizi mapya yaonekane. Ulioko ardhini, baada ya mwaka wa kwanza, kwa sehemu nyingi za pwani hautahitaji maji yako isipokuwa kiangazi kikiwa kirefu mno.

Masika ndiyo hatari kubwa. Vyungu visogeze chini ya upenu. Visivyobebeka vilaze ubavu kidogo ili maji yasijae, au uvifunike juu ya udongo kwa plastiki.

Shina likianza kunywea usikimbilie ndoo. Tofautisha kiu na kuoza. Mmea wenye kiu hunywea shina zima kwa usawa, gome huingia mikunjo midogo, na siku chache baada ya kunywa hurudi kuwa mgumu. Unaooza hulainika mahali pamoja, mara nyingi karibu na udongo, hubadilika rangi, na hunuka. Maji huuponya wa kwanza na kuumaliza wa pili.

Mbolea na maua

Waridi hili si mlaji mkubwa. Kiganja cha mboji juu ya udongo mwanzoni mwa mvua kinatosha kwa mmea wa ardhini. Kwenye chungu, ambako rutuba huoshwa na maji, tumia mbolea iliyosawazika kama NPK 17:17:17, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua. Usiiweke kwenye mmea uliopumzika wala kwenye udongo mkavu. Epuka urea na CAN: nitrojeni nyingi huleta majani mapana, matawi laini yanayooza upesi, na maua machache.

Kama mmea una afya lakini hauchanui, tazama jua kwanza. Likiwa la kutosha, tazama umri: mche wa mbegu huanza kuchanua ukiwa na mwaka mmoja hadi miwili. Vyote vikiwa sawa, upunguzie maji kwa wiki kadhaa wakati wa kiangazi hadi uangushe sehemu ya majani, kisha uanze tena kumwagilia. Mapumziko hayo ya ukavu ndiyo unayoyapata kwao, na mara nyingi vitumba hufuata.

Kupogoa

Ua hutoka kwenye ncha ya tawi, kwa hiyo matawi mengi ni maua mengi. Ukikata ncha moja, chini yake huchipua mbili, tatu au zaidi. Pogoa mwishoni mwa mapumziko, kabla joto na ukuaji havijaanza. Kwa pwani na sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, Agosti hadi Septemba ni wakati mzuri. Tumia kisu au mkasi uliopanguswa kwa spiriti, na uupanguse tena unapohamia mmea mwingine. Kata kwa mshazari ili maji yasikae juu ya kidonda, na fanya kazi hiyo siku ya jua. Vidonda vikavu vipake majivu au unga wa mdalasini. Usipogoe wakati wa mvua.

Kwenye mmea uliobebeshwa, machipukizi yanayotoka chini ya kovu yaondoe mapema. Hayo ni ya shina la msingi, yana nguvu kuliko kikonyo, na ukiyaacha utajikuta na maua ya pinki pale uliponunua mekundu ya tabaka.

Kuzalisha

Mbegu ndiyo njia ya kupata shina nono. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe za mnyama, na yakikauka hupasuka upande mmoja. Kila mbegu ina kishungi cha nywele za dhahabu kila upande, na upepo ukizipata utaziona zikipaa juu ya paa la jirani. Kwa hiyo maganda yakianza kubadilika rangi yafunge kwa uzi au yavishe kipande cha chandarua. Mjini maganda huwa adimu, kwa sababu koo la ua ni refu na chavua imefichwa ndani, mahali ambapo wadudu wengi hawafiki.

Panda mbegu mapema. Zikikaa miezi mingi huanza kupoteza uhai. Zilaze juu ya mchanganyiko wa mchanga na makumbi, zifunike kwa tabaka jembamba tu, weka mahali pa joto na unyevu kidogo. Mbegu mbichi huota ndani ya wiki moja. Hapa ndipo pekee mmea huu unapotaka unyevu wa kila siku, na ni kwa wiki chache tu. Miche ikiwa na majani manne hadi sita hamishia kila mmoja kwenye kopo lake. Kumbuka kwamba mbegu ya aina ya kifahari haitoi lazima ua kama la mama yake.

Vipandikizi hutoa ua lilelile. Kata tawi lenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, liache kivulini siku tatu hadi saba utomvu ukauke, kisha lichomeke kwenye mchanga mkubwa wenye unyevu mdogo. Litaota mizizi, lakini shina lake la chini mara nyingi halitavimba kama la mche wa mbegu. Ndiyo maana wenye vitalu huotesha shina la mbegu, kisha hubebesha juu yake kikonyo cha aina wanayoitaka. Shina la msingi hupasuliwa kwa umbo la V, kikonyo huchongwa kikae humo barabara, hufungwa kwa utepe wa plastiki na kufunikwa mfuko mdogo. Baada ya wiki mbili au tatu, kikonyo kikiwa bado kibichi, kazi imeshika.

Kuinua shina

Raha ya pekee ya waridi hili ni umbo la shina na mizizi yake ya juu. Kila unapobadilisha chungu, baada ya mwaka mmoja au miwili, panda mmea juu zaidi kwa sentimita mbili au tatu, ili sehemu ya mizizi minene ionekane. Ukitaka itanuke pembeni, kata mzizi mkuu unaoshuka chini mmea ukiwa bado mdogo, kausha kidonda, kisha uupande juu ya kigae au jiwe bapa lililofichwa kwenye udongo. Mizizi iliyotoka gizani isipigwe na jua kali ghafla. Ikinge kwa majani makavu kwa wiki chache.

Wadudu

Ukiamka ukakuta matawi yamebaki matupu na chini kuna kinyesi cheusi chenye punje kubwa, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu kama macho karibu na kichwa. Ni mtoto wa nondo wa oleanda, na huyu ndiye jamaa anayefuata ukoo wa mmea. Hula usiku na mchana na huweza kumaliza majani ya mche mzima. Mwokote kwa mkono. Wawili watatu hawahitaji sumu, na mmea utachipua tena.

Vidukari vya njano vyenye miguu myeusi hujaa kwenye vitumba na kuvipinda. Vioshe kwa maji ya kasi, kisha vinyunyizie maji yenye sabuni kidogo. Kidung'ata huonekana kama pamba kwenye makutano ya majani na hata kwenye mizizi. Mpanguse kwa pamba yenye spiriti. Utitiri hupenda mimea iliyo chini ya upenu wakati wa kiangazi: majani huwa na vidoa vya njano na utando mwembamba chini yake. Majani yaoshwe upande wa chini kila baada ya siku mbili tatu. Mafuta ya mwarobaini husaidia kwa wote hawa, ila nyunyizia jioni, kwa sababu mafuta na jua la saa sita huunguza majani.

Ukigundua kuoza, toa mmea kwenye udongo saa hiyohiyo. Kata sehemu laini mpaka ufike kwenye nyama nyeupe safi isiyo na doa, usafishe kisu kila mkato. Paka majivu au unga wa salfa, uning'inize kivulini wiki moja hadi mbili, kisha upande kwenye udongo mpya mkavu. Ukibaki na ncha tupu, fanya vipandikizi.

Sumu

Utomvu wa waridi hili una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huchemsha utomvu wa mmea wa jenasi hii kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia. Kwa hiyo usiuchukulie kama ua la kawaida tu.

Vaa glovu unapopogoa, nawa mikono kwa sabuni, usiguse macho. Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na umwone daktari. Matawi yaliyokatwa usiyatupe zizini wala mahali mbuzi wanapopita, na usiyatumie kama kuni au vijiti vya mishikaki. Mtoto anayetambaa na chungu cha waridi hili wasiwe kwenye baraza moja. Kiweke juu au kwingine. Mtu au mnyama akila sehemu yake, usingoje dalili wala usipoteze muda na dawa za nyumbani: mpeleke hospitali, au kwa daktari wa mifugo, ukiwa na kipande cha mmea ili ujulikane.

Mwaka mmoja wa waridi

Januari na Februari: jua kali, mmea unakua na kuchanua. Mwagilia kwa kipimo cha kijiti, angalia utitiri.

Machi hadi Mei: masika. Acha kumwagilia, sogeza vyungu, hakikisha matuta hayatuamishi maji, kagua shina kwa kidole kila wiki.

Juni na Julai: ubaridi. Majani yakianguka usihangaike. Maji kidogo sana au hakuna, mbolea hakuna.

Agosti na Septemba: pogoa, badilisha chungu, inua shina, tengeneza vipandikizi. Mimea iliyopumzika vizuri huanza kutoa vitumba.

Oktoba hadi Desemba: vuli. Weka mboji au mbolea, panda mbegu, okota viwavi, funga maganda.

Kwa Dodoma na kwingineko kwenye msimu mmoja wa mvua, unaoanzia Desemba hadi Aprili, fuata mvua badala ya majina ya miezi: pogoa kabla ya mvua, lisha wakati wa mvua, acha liwe kavu baadaye. Na popote ulipo, ukiwa na shaka kama leo ni siku ya kumwagilia, ngoja hadi kesho. Waridi lililokosa maji kwa siku moja hunywea kidogo likarudi; lililozidishiwa hupewa nafasi ya pili mara chache sana.